Kalenda ipi ulipie kama mambo yako yote yanaangukia mwisho wa mwezi

Mwenzenu nimepigwa faini kwenye kikoba mara mbili mwaka huu na wala siyo kwamba hela sikuwa nayo, ilikuwepo kwenye simu imetulia. Nilinunua programu ya kalenda, jina silitaji, nikalipia mwaka mzima, nikaandika "marejesho" tarehe 31 Januari, jirudie kila mwezi, basi nikasahau. Februari kimya. Machi ikalia. Aprili kimya tena, mweka hazina ananipigia ndo nashtuka. Kumbe mwezi usio na 31 inauruka tu, na miezi ya hivyo iko mitano kwa mwaka!

Wanaoshauri watu kuhusu kalenda utasikia rangi nzuri, sijui inaonyesha hali ya hewa. Mimi hayo nayaacha. Naandika tukio la tarehe 31, lijirudie kila mwezi, halafu nafungua Februari naangalia kama lipo.

Namba moja kwangu ni Outlook ya kwenye kompyuta, ile ya zamani inayokuja na Office (zile programu za Microsoft, kina Word na Excel), na sifichi, naipenda. Ukiweka 31 inakuambia kabisa kuna miezi yenye siku pungufu, kwa hiyo huko itakuwekea siku ya mwisho ya mwezi. Jamani, si ndo hicho tu nilichokuwa nataka? Ubaya wake, ukibadilisha mfululizo mzima, tuseme kikao kimetoka saa 10 jioni kwenda saa 11, vile ulivyokuwa umevisogeza kimoja kimoja vinafutika vinarudi kwenye mpango wa kawaida. Naivumilia.

Inafuata kalenda ya iPhone, ipo humo humo hununui kitu. 31 nayo inaruka, ila ukiingia kwenye marudio ya kujipangia mwenyewe, ukachagua kila mwezi, kuna mahali unachagua siku ya mwisho, au Jumamosi ya mwisho kwa wale wa vikao vya ukoo. Watu wengi hawafiki huko, wanaishia pale juu penye kila wiki, kila mwezi.

Google Calendar ndo tuliko wengi, ya bure, na kwenye kuhariri iko vizuri maana inakuuliza ubadilishe tukio hili tu, hili na yanayofuata, au yote (ukigusa yote ujue hata ya nyuma yanabadilika). Lakini 31 inaruka. Mimi huku naweka tukio tarehe 1 na kikumbusho siku moja kabla, tarehe 1 haikosekani mwezi wowote, na siku ya kabla yake ndo mwisho wa mwezi hata kama ni 28.

Hizi nyingine za bure zenye matangazo kila ukigusa, zijaribu na Februari kabla hujaziamini.

Sasa wauza Office, nyie watu mna nini lakini? Ukiuliza bei "njoo inbox dada", ukienda inbox unaulizwa bajeti yako ni shilingi ngapi. Mmoja kaniuzia akaniapia ni ya maisha, mwezi wa tatu kompyuta inadai leseni, nampigia ananiambia hiyo inabidi ulipie tena. Nikamuuliza ulisema ya maisha, maisha ya nani? Akakata simu, na hela yangu mpaka leo hajarudisha.