Kutoa Rangi ya Zamani kwenye Bodi ya Land Rover 109: Gereji Moja ya Isevya, Tabora

Land Rover 109 ya marehemu baba, toleo la Series III, ilihitaji kupakwa rangi upya, na gereji niliyoikabidhi kazi ya kutoa rangi ya zamani ipo Isevya, mjini Tabora, chini ya miembe, wala haina kibao. Niliichagua kwa jambo moja: kabla ya kushika chombo chochote, fundi mkuu alipitisha sumaku kwenye kila sehemu ya gari.

Sumaku ilinasa kwenye fremu na kwenye ukuta wa injini, ule unaotenganisha injini na abiria, ambavyo ni chuma, lakini milango, boneti na madigadi havikuivuta, kwa kuwa ni aloi ya alumini. Kostiki soda, ambayo hutoa rangi kwenye chuma bila shida, huila alumini. Mchanga wa kompresa unafaa kwa fremu nene, lakini bati jembamba la bodi likipigwa na punje hizo hutanuka na kupinda, na kulinyoosha tena ni kazi ngumu mno. Tena vumbi lake lenye silika huharibu mapafu ya fundi moja kwa moja. Gereji niliyoanzia ilitumia grenda kwenye boneti, ikaacha mikwaruzo mirefu ambayo hadi leo inaniuma.

Hapa Isevya walipaka dawa nzito ya kutoa rangi isiyo na methilini kloridi, sharti nililolitoa mwenyewe, kwa sababu mvuke wa kemikali hiyo ukivutwa hugeuka kaboni monoksaidi mwilini, na tangu 2019 Marekani imezuia dawa za rangi zenye kemikali hiyo kuuzwa kwa matumizi ya nyumbani. Dawa mbadala haina haraka. Walifunika milango kwa nailoni usiku kucha ili isikauke, na asubuhi wakakwangua rangi iliyovimba kwa vipande vya mbao, wakasuuza kwa maji mengi. Masalia waliyasugua kwa msasa wa maji, kwani rangi za miaka hiyo huweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake kavu ni sumu. Ukuta wa injini ulipakwa praima siku ile ile ulipobaki wazi, usije ukaota kutu.

Lipo lililonisikitisha. Kijana msaidizi alishika dawa bila glovu mpaka nilipomnunulia, na maji machafu yalimwagwa ardhini siku ya kwanza. Nilipomweleza fundi mkuu, alileta pipa bila ubishi.

Kazi ilichukua siku tisa na kunigharimu shilingi 320,000, bila praima ya alumini, ambayo niliiagiza Dar es Salaam. Milango imetoka imenyooka, bila bonde wala mkunjo, na mwezi ujao nawapelekea paa.