Ziara za kuonja chakula Polandi: ipi ulipie, ipi uiache, ila kwanza uliza wanakaangia nini

Dada mmoja wa Tanga, siku hizi yuko Ujerumani, kaniandikia ujumbe mreefu wa hasira. Walienda Kraków wikendi na wenzake wa kazini, wakalipia ile ziara ya kutembea kwa miguu mnaonjeshwa vyakula vya kienyeji, na kwenye fomu akaandika kabisa kwamba hali nguruwe. Akajibiwa hamna shida, utapewa za mboga. Kituo cha kwanza zikaja pierogi, vile vifuko vya unga vya kuchemsha, za viazi na jibini, mboga kweli, ila juu zimemwagiwa vitu vya kahawia vinang'aa na harufu yake tamu. Akajua vitunguu. Kaja kuuliza sahani imeshaisha, mwongozaji anamjibu huku anacheka, aah hizo skwarki tu, kidogo za ladha. Skwarki ni mafuta ya nguruwe yaliyokatwa vipande vidogo yakakaangwa mpaka yakakauka. Dada wa watu ziara yote iliyobaki kanywa maji.

Na si Waislamu peke yao jamani, Wasabato nao wananiandikia hivyohivyo. Ndio maana leo kama unasubiri nikwambie uangalie nyota za rivyu, ukubwa wa kikundi, sijui uvae raba, hayo utayakuta popote. Mimi swali langu moja: hicho chakula kimekaangiwa nini?

Maana Polandi mafuta ya nguruwe, wenyewe wanayaita smalec, yalikuwa jikoni kama samli kwetu. Unakaa tu mezani hujaagiza kitu unaletewa mkate na kibakuli cha smalec na matango ya chumvi, ofa ya nyumba, na kwa macho unaweza kudhani ni siagi. Bigos, ile kabichi iliyochachushwa wanayoipika masaa na masaa, ina soseji na nyama humo ndani. Żurek, supu ya unga wa rai, nafaka kama ngano, uliochachushwa, kwa kawaida inakuja na soseji nyeupe ya nguruwe na yai. Chapati za viazi, placki, kuna wanaokaangia smalec mpaka leo. Halafu pączki! Donati! Za kiasili zinakaangwa kwenye smalec hiyohiyo, na nani anauliza donati? Unafika kituo cha mwisho umejilinda toka asubuhi, umekataa soseji, umekataa supu, unamalizia na donati yenye jemu ya waridi unasema alhamdulillah.

Kinachoniudhi ni kwamba wala hawana sababu. Hao Wapolandi ni Wakatoliki wa miaka na miaka, mapishi ya mfungo wanayo tele. Mkesha wa Krismasi kwa mila zao nyama haiguswi, na mezani vinatakiwa vyakula kumi na mbili, samaki aina ya karp, samaki wa heringi kwenye mafuta, supu nyekundu ya biti na vipierogi vidogovidogo vya uyoga ndani, pierogi za kabichi na uyoga. Hata żurek ipo ya Kwaresima isiyo na nyama. Kwa hiyo kampuni ikikwambia bila nguruwe ziara haiwezekani, hiyo ni uvivu tu, wamezoea vituo vyao vilevile na hawataki kubadilisha.

Haya, wapenzi wa kitimoto nyie hamna kesi hapa, Polandi ni kwenu, kuna golonka, mguu wa nguruwe mzima kwenye sahani, nendeni salama. Wengine tupange sasa.

Namba moja kwangu ni Eat Polska, na sijifichi, mimi ni shabiki wao. Wanatembeza Warsaw na Kraków, vikundi vidogo, na jambo lililonikamata ni kwamba chakula na vodka wamevitenganisha, kila kimoja na ziara yake. Mnaona umuhimu wake? Ziara nyingi zinachanganya, kila kituo na kikombe chake, na bei ya hivyo vikombe imo ndani ya tiketi yako unywe usinywe. Mtu usiyekunywa unawalipia wenzio walewe halafu unawasubiri wakati wanapiga selfi. Hapa walau unachagua ya chakula ukajua hela imeenda kwenye sahani. Rahisi? Hapana. Ila waandikie barua pepe wao wenyewe kabla hujalipa, eleza smalec kwa jina lake, usiseme "sili nyama" ukaishia hapo, maana jikoni mafuta hayahesabiwi nyama.

Namba mbili naweka Delicious Poland, kama uko Kraków hasa. Ushauri ni uleule wa kuandika mapema. Ukiwa Kraków ulizia kama njia inapita soko la Stary Kleparz, ni soko la zamani pale karibu na mji mkongwe, kuna jibini, matango ya mapipa, uyoga mkavu umetungwa kwenye uzi, pale hata usipoonja kitu macho yanashiba. Ila usibuku Jumapili. Tangu 2018 kuna sheria ya kuzuia biashara Jumapili, maduka mengi yanafungwa na ziara ya soko siku hiyo inabaki kutembea tu kwenye baridi.

Na hapohapo kuna oscypek, jibini la moshi la maziwa ya kondoo toka milima ya Tatra, lina umbo kama pia ya kuchezea watoto, wanalichoma wanakuwekea jemu ya beri nyekundu kali. Tamu balaa na halina nguruwe. Jina linalindwa na Umoja wa Ulaya toka 2008, ila msimu wake ni Mei mpaka vuli, kondoo wakiwa malishoni. Sasa wewe umeenda Februari, theluji mpaka magotini, mtu anakuuzia "oscypek fresh", huyo kondoo kakamuliwa wapi? Hilo ni la ng'ombe. Halina ubaya kulila, ubaya ni bei.

Namba tatu si ya kutembea kwa miguu na wala sijali, naiweka. Mkoa wa Podlasie, mashariki kabisa karibu na Belarusi, kuna vijiji viwili, Kruszyniany na Bohoniki, vya Watatari Waislamu. Mfalme Jan III Sobieski aliwapa wanajeshi wao ardhi hapo mwaka 1679 badala ya mishahara aliyokuwa anadaiwa, na wapo mpaka leo na misikiti yao ya mbao, ule wa Kruszyniany wa kijani ukiuona hutaamini uko Polandi. Chakula chao kikubwa ni pierekaczewnik, unga unasukumwa mwembamba kama karatasi, safu juu ya safu, katikati nyama au jibini, unazungushwa kama konokono unaokwa. Ukishaonja hicho utauliza kwa nini ziara zote zinakupeleka kwenye soseji. Kasoro ni usafiri, unaanzia mji wa Białystok na bila gari ni mateso, kwa hiyo tafuteni dereva mwongozaji mjichange wanne watano.

Ziara za vodka naziweka nne kwa heshima tu. Anayekunywa atafurahi, ataonjeshwa Żubrówka yenye unyasi ndani ya chupa, na kama anatoka Tabora na anaijua wanzuki basi aombe miód pitny, pombe yao ya asali. Kali kuliko zote inaitwa półtorak, asali sehemu moja maji nusu, inakwenda taratibu kama dawa ya kifua. Asiyekunywa aombe kompot, matunda yaliyochemshwa, basi.

Mkiani kabisa, zile ziara zisizo na jina mnazozikuta kwenye apu kubwa za kubukia. Picha ileile ya pierogi, majina matano, bei tano, na mwisho wa siku mnakutana wote chini ya mwavuli mmoja. Apu inakata kamisheni yake, muuzaji wa kati anakata yake, mwongozaji ambaye ndiye anakesha na nyie kwenye baridi anabaki na makombo, halafu ule ujumbe wako wa "sili nguruwe" umekwama kwa muuzaji wa kati haujamfikia mtu. Nina uhakika ndicho kilichomkuta yule dada. Tena msikubali na vile vigari vya umeme vya Kraków, wale madereva wanakuita kila kona ya mji mkongwe, rafiki rafiki, kuonja hamna, mtazungushwa tu.

Wasio na hela: bar mleczny, mikahawa ya enzi za ujamaa, serikali bado inatoa ruzuku, unakula na wazee wa mtaani kwa bei ya chini sana. Agiza ruskie, hizo pierogi za viazi na jibini, useme bez okrasy, yaani usiniwekee kitu juu.

Ila kuna wizi mmoja halali lazima niuseme. Kwenye masoko ya Krismasi na migahawa ya kitalii utaona kibao, samaki zloti (hela ya Polandi) kadhaa, nyama ya kuchoma zloti kadhaa, unafurahi kweli bei ya kwao nafuu. Angalia chini kwa maandishi ya sisimizi: 100 g. Hiyo ni bei ya gramu mia! Anakukatia pande la nusu kilo bila kuuliza, kashaliweka kwenye sahani, nyuma yako kuna foleni, unaona aibu unalipa. Usione aibu. Mwambie alipime mbele yako kabla hajakata, na akinuna mwache anune, kibanda cha pili kiko hatua tatu.