Mashine ningeisamehe, fundi wake hapana

Nianze na fundi, kwa sababu ndiye aliyenikera zaidi.

Sonikata hii, mashine inayotikisa kimiminika kwa mawimbi ya sauti kupitia ncha ya titani inayochovywa ndani yake, tuliinunua kwa ajili ya kujenga gamba la silika (kitu kilekile cha mchanga na kioo) juu ya chembe nano za magnetaiti, yaani punje ndogo mno za oksidi ya chuma zinazovutwa na sumaku. Kazi hiyo kikorogeo cha sumaku hakiiwezi: kile kipande kinachozunguka chini ya bika kinazivuta chembe zote, zinagandamana nacho. Mawimbi ya kilohezi 20 yanafumua mabonge ndani ya ethanoli, kisha ukitia amonia na TEOS, kemikali inayogeuka kuwa silika, hiyo silika inajijenga kwenye chembe moja moja.

Haikupita muda mrefu nikaona jambo. Ukizivuta chembe kwa sumaku pembeni mwa chupa, kimiminika hutakiwa kubaki safi, au cheupe kidogo kama kuna silika iliyojitunga yenyewe. Changu kikabaki kijivu. Kesho yake chini ya chupa pametuama vumbi ambalo sumaku hailigusi kabisa. Nikafungua ncha, nikaifuta, nikaielekeza kwenye mwanga: uso wa titani umejaa vishimo, kingo zimelika.

Fundi wa wakala alikuja kwa kusumbuliwa sana. Ncha hakuitazama. Akaniambia, mbele ya wanafunzi wangu, "Dada, hii siyo blenda ya juisi. Hiyo ni silika yako."

Silika gani ya kijivu? Nikamimina ethanoli tupu kwenye bika safi, bila chembe, bila TEOS, nikaiweka kwenye barafu, nikawasha. Ikachafuka kijivu huku anaangalia. Akafunga begi lake: "Ncha haimo kwenye waranti." Basi. Hata samahani hakuna.

Najua ncha za titani huliwa. Vipovu vinavyoletwa na mawimbi hupasuka pale mbele ya ncha na kuzalisha joto la maelfu ya nyuzi kwa kitambo kidogo mno, hakuna chuma kitakachodumu milele. Lakini siku ya kuuziwa hakuna aliyetaja ncha, wala bei yake.

Na haki niiseme: ncha ilipokuwa mpya, sijapata kuona gamba zuri vile. Tulitia chembe kwenye asidi hidrokloriki iliyozimuliwa. Zisizo na gamba ziliyeyuka, asidi ikageuka njano. Zenye gamba zilishinda humo usiku kucha, nyeusi vilevile. Nilifurahi mno. Kwa hilo nilitaka kutoa nyota nne.

Sasa nikikumbuka zile chembe tulizitengeneza za kuondolea floridi kwenye maji, maji ya kunywa, na ndani yake kuna titani isiyojulikana kiasi gani, natoa moja. Ukilazimika kununua, wakuandikie bei ya ncha ya akiba kwenye ankara kabla hujalipa. Sampuli zote za kipindi kile tumezimwaga. Mwanafunzi wangu anaanza upya, na huyo fundi hajapiga hata simu.