Semina ya kusoma takwimu za robo mwaka, Tanga: boflo ndo iliniokoa (nyota 3 na nusu)

Jamani nimetoka kwenye ile semina ya Jumamosi ya wafanyabiashara, ya kusoma takwimu za uchumi za robo mwaka, elfu 25 na chai ndani, kwenye ukumbi mmoja huku Raskazone. Jina la waandaaji nawahifadhi. Mi nna duka la vifaa vya ujenzi Ngamiani, nikisikia redioni "uchumi umekua kwa asilimia kadhaa" huwa najiuliza umekua wapi, mbona kwangu nzi tupu.

Tulikaribishwa saa tatu tukaanza saa nne na nusu, projekta inazima kila dakika kumi, na slaidi zote Kiingereza wakati nusu ya ukumbi ni wamama wa biashara ndogo. Hapo nyota moja imeondoka.

Lakini mwalimu alipoachana na projekta akashika chaki, aisee. Akamwita mama mmoja anayeoka boflo Chumbageni, akamwambia mama taja hesabu zako. Mauzo laki moja kwa siku, unga, hamira, mafuta na kuni elfu 60. Basi mchango wako kwenye pato la taifa ni elfu 40, sio laki, maana unga ulishahesabiwa kwa msagaji, ukiuhesabu tena unakuwa umehesabu mara mbili. Hiyo ndo wanaita ongezeko la thamani. Mama akauliza, "Na kijana wangu wa kuchoma je mwalimu, simtoi?" Akajibiwa humtoi mama, mshahara wake umo humo humo kwenye elfu 40, na faida yako imo humo. Ukumbi ukawaka, tulibishana hapo nusu saa nzima mpaka chai ikapoa, mi mwenyewe nilikuwa mbishi namba moja maana dukani mshahara ni gharama, lakini alipochora nikakubali.

Kingine kilichonigusa, mi kila mwaka nalinganisha Aprili hadi Juni na Januari hadi Machi, naona mauzo yameporomoka, presha inapanda. Kumbe masika! Nani anamwaga zege kwenye mvua? Ndo maana Ofisi ya Taifa ya Takwimu inalinganisha robo na robo ile ile ya mwaka jana. Halafu kuna bei: ukiuza mifuko 300 ya saruji mwaka jana na 300 mwaka huu ila bei imepanda, pesa imeongezeka lakini hujakua hata kidogo, kwa hiyo ukuaji unapimwa kwa bei za mwaka wa kizio, yaani mwaka mmoja uliochaguliwa ambao bei zake zinatumika kwa miaka yote, na kwenye ripoti alizotuonyesha ilikuwa 2015.

Wamarekani wao wana staili yao, wanachukua mabadiliko ya robo moja wanayakuza kama vile yangeendelea mwaka mzima. Robo ya pili ya 2020, wakati wa korona, walitangaza mara ya kwanza kwamba uchumi umeshuka kwa asilimia 32.9, kumbe kwa robo yenyewe ilikuwa kama 9.5 tu. Ningeisoma peke yangu ningejua wamekwisha.

Nilichoenda kukitafuta hasa, sekta binafsi peke yake inazalisha kiasi gani, nimepata nusu nusu. Wenzetu Marekani kwenye jedwali lao sekta binafsi ina mistari yake, ya wazalishaji wa bidhaa na ya watoa huduma, na serikali mbali. Kwetu mgawanyo ni wa shughuli: kilimo, ujenzi, biashara, madini na kadhalika, ukitoa utawala wa umma na ulinzi bado elimu na afya zimechanganyika, shule ya serikali na ya mtu binafsi kapu moja. Akatuelekeza tuangalie pia mikopo kwa sekta binafsi, Benki Kuu wanaitoa kila mwezi, maana takwimu za robo zinakuja kama miezi mitatu baada ya robo kwisha, hapo wewe ushaagiza mzigo zamani. Hili alilikimbiza dakika kumi za mwisho, watu wanatafuta viatu vyao, na ndo lilikuwa la maana kuliko masaa mawili ya slaidi.

Chai ilikuwa nzuri, viazi vya rojo pia. Anayekwenda awamu ijayo abebe kalkuleta na daftari, na akae upande wa mlangoni, feni za dirishani hazizunguki.