Rejeta ya trekta dogo inavuja: kipi ununue kwanza, kipi uache dukani

Kabla hujatoa hela yoyote hakikisha inayovuja ni rejeta kweli, maana watu wananunua rejeta mpya, wanafunga, halafu maji bado yanadondoka palepale. Kwenye trekta dogo vitu vimebanana sana mbele, mpira wa juu ukivuja maji yanashuka na kori (ile sehemu ya katikati ya rejeta yenye tyubu na mapezi) mpaka chini unaona kama kori imetoboka, na wota pampu ikichoka sili inatoa maji kwenye kale kashimo ka chini, feni inayapeperusha kila mahali. Osha mbele yote, ikauke, injini ikiwa imepoa funga pampu ya mkono ya kupimia presha pale unapokaa mfuniko, pandisha hadi presha iliyoandikwa kwenye mfuniko wenyewe (nyingi zimegongwa 0.9, yaani bar 0.9, au 13 kwa psi) halafu zunguka na tochi. Presha ikishuka na nje pakavu kabisa, usinunue rejeta, hapo angalia gaski ya silinda hedi.

Na mfuniko. Huu ndio ununuzi wa kwanza wa kufikiria, bei yake ni ndogo na wengi hawaujali. Springi ikilegea presha haipandi na maji yanachemka mapema, ikikwama presha inapita kiasi, inafumua sehemu yoyote iliyochoka. Nunua wenye namba ileile ya mwanzo, usipandishe ukidhani unaongeza nguvu, unaongeza mzigo kwenye rejeta ya zamani.

Sasa mpangilio wangu. Unategemea kitu kimoja tu, rejeta yako ni ya nini. Ikiwa ya shaba na matanki ya shaba ya njano (kwangua rangi kidogo pembeni uone) una njia nyingi. Ikiwa ya alumini yenye matanki ya plastiki yaliyobanwa kwa meno, njia zimepungua, usiruhusu mtu akudanganye.

Namba moja, kwa ya shaba: fundi rejeta aichomee kwa lehemu. Wala sio kwa sababu ya urahisi wa bei peke yake, ni kwamba shaba inashika lehemu vizuri na fundi akiivua tanki la juu anaweza kuzibua tyubu na kuzisafisha, kazi ambayo rejeta ingeihitaji hata kama haivuji. Muulize maswali mawili kabla hujamwachia: anapimaje akimaliza, na je anavua tanki au anapaka juu tu. Anayejua atakwambia anaziba midomo yote, anaizamisha kwenye maji na kuingiza upepo kidogo hadi karibu bar 1 aone mapovu. Akisema anaangalia kwa macho, chukua rejeta yako uondoke. Upepo wa kampresa wote ukiachiwa bila kupunguzwa unaipasua, kwa hiyo awe na geji.

Ila kama mapezi yanavunjika ukiyagusa kwa kidole na tyubu zimevuja sehemu tatu nne, kuchomea ni kujisumbua, leo anaziba hapa kesho inatokea pale. Hapo namba mbili: kubadilisha kori, matanki na mabano yako yanabaki. Faida yake watu hawaioni mpaka wakati wa kufunga, kila kitu kinakaa palepale, matundu ya boliti, kifuniko cha feni, midomo ya mipira. Kwa trekta la zamani ambalo spea zake ni za kutafuta, mimi naiweka hii juu ya rejeta mpya.

Namba tatu, na kwa wenye plastiki na alumini hii ndiyo namba moja: rejeta mpya. Lehemu ya kawaida haishiki kwenye alumini kwa sababu ya ule utando unaojitengeneza juu yake, na tanki la nailoni lililopasuka hakuna gundi itakayokaa nalo kwenye joto na mtikisiko wa dizeli. Kama kinachovuja ni gaski kati ya tanki na kori fundi mzuri anaweza kufungua meno na kubadilisha gaski, lakini yale meno hayapendi kukunjwa mara nyingi.

Orijino au ya kampuni nyingine? Orijino inakaa bila kubishana, ya kampuni nyingine nzuri inafanya kazi vizuri tu, ila pima mwenyewe usiamini picha. Pima urefu, upana na UNENE wa kori, maana kori nyembamba ndio ujanja unaopita kimyakimya, inaingia vizuri halafu ukianza kulima jua kali geji ya joto inapanda. Hesabu safu za tyubu, kipenyo cha midomo na upande ilipo, mahali pa mfuniko, matundu ya kifuniko cha feni. Chukua namba ya trekta kwenye kibati, sio modeli tu, modeli moja inaweza kuwa na rejeta mbili tofauti kutegemea ilitengenezwa lini. Na kwenye zile zenye gia za haidroliki angalia kama kuna kipoozea mafuta kimefungwa mbele yake, kisije kikakosa pa kukaa.

Namba nne ni ya mtumba. Sawa kama unaweza kuipima presha kabla ya kulipa na ukachungulia ndani ya mdomo uone tyubu hazijaziba kwa chumvi na kutu. Huruhusiwi kupima? Iache.

Namba tano epoksi ya chuma. Inafaa kwenye tanki au mdomo wa shaba, sehemu iliyosafishwa kwa msasa ikakauka kabisa, ikusaidie kumaliza msimu. Kwenye tyubu katikati ya mapezi ni kupoteza muda.

Mwisho kabisa dawa ya kumwaga ndani. Haichagui tundu, inaziba pale inapovuja na inaganda pia kwenye tyubu nyembamba zilizobaki, halafu fundi anayekuja baadaye anaanza kwa kukulaumu. Mimi ningeibeba kwa ajili ya kufika nyumbani tu.

Ukinunua rejeta, jumlisha na hivi: mipira na klipu mpya, raba za chini zinazobeba rejeta (zikifa mtikisiko wote unaingia kwenye matanki), na kulanti (dawa ya kupoozea injini) nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa kwa mvuke, sio ya bomba. Kulanti yenye ethilini glikoli ni tamu na ni sumu, ukimwaga ya zamani mbwa asiifikie. Klipu kwenye mdomo wa plastiki kaza kwa kiasi.

Kufunga: jaza taratibu, washa injini ikiwa baridi na mfuniko ukiwa wazi, subiri tomosteti (vali inayofunguka kwa joto kupitisha maji) ifunguke (nyingi ni kati ya nyuzi 71 na 82) upepo utoke, ongeza, funga. Ikipoa kabisa fungua tena uangalie kiwango, karibu kila mara kinakuwa kimeshuka kidogo.