Uzoefu wangu na kiolesura cha huduma za wavuti cha Windows

Nilikuwa na programu iliyoandikwa kwa C, ikahitaji kuwasiliana na huduma ya SOAP, yaani itifaki ya kubadilishana ujumbe ulioandikwa kwa XML (lugha ya kupanga data kwa alama), kwenye seva nyingine, nami sikutaka kuibebesha mzigo wa .NET, jukwaa la programu la Microsoft, kwa ajili ya ujumbe wa aina tatu tu. Nikachagua Windows Web Services API, kiolesura kilichomo ndani ya mfumo wenyewe tangu Windows 7 na Windows Server 2008 R2, mwaka 2009.

Mwanzo ulikuwa mwepesi. Zana ya wsutil.exe husoma faili za WSDL na XSD, zinazoeleza huduma na umbo la data yake, kisha hutoa msimbo wa C wenye fanksheni moja kwa kila operesheni, kwa hiyo XML sikuigusa kwa mkono.

Kilichonikosha hasa ni namna kumbukumbu ilivyosanifiwa. Unaunda hipu, yaani eneo maalumu la kumbukumbu, kwa WsCreateHeap, ukitaja kikomo cha ukubwa wake, na majibu yote ya seva, hata yakiwa orodha ndani ya orodha, hukaa humo hadi WsResetHeap iyafute yote kwa mkupuo. Aliyewahi kukesha akisaka kumbukumbu inayovuja ataelewa kwa nini nauheshimu sana uamuzi huo.

Thamani ya kikomo hicho niliijua kwa kosa langu mwenyewe. Niliita huduma ndani ya kitanzi, nikasahau kuisafisha hipu kila mzunguko ulipokwisha. Programu ilikwenda vizuri kwa muda, kisha kila wito ukaanza kurudisha WS_E_QUOTA_EXCEEDED, kosa la kuvuka kikomo. Badala ya kumeza kumbukumbu ya mashine kimyakimya, ilikwama pale pale nilipokuwa nimeweka mpaka, na WS_ERROR, ambayo hubeba maelezo ya kosa kwa sentensi zinazosomeka na si namba tupu, ikanielekeza kwenye hipu. Mstari mmoja ulitosha kurekebisha.

Msimbo wake ni mrefu, hilo nakiri, kwa kuwa kila wito hudai hipu, sifa za wito wenyewe, muktadha wa asinkroni (maelekezo ya kuendesha wito bila kuusubiri) na kitu cha makosa. Hata hivyo umbo halibadiliki: ukipitisha NULL, yaani thamani tupu, penye muktadha, fanksheni ile ile husubiri jibu; ukiujaza, inaweza kurudi mara moja na kukuarifu baadaye kazi ikikamilika. Kwa huduma za JSON, muundo mwingine wa data, kiolesura hiki hakifai, maana kimejengwa kwa SOAP na XML, ila programu yangu ile bado inakitumia.