Muhula mmoja Bayreuth kwa Erasmus+: nyota nne kati ya tano

Kwa wote wanaonitumia ujumbe kuuliza kama Erasmus+, programu ya Umoja wa Ulaya ya kubadilishana wanafunzi, inalipa: inalipa. Nimesoma muhula wa baridi Bayreuth, Ujerumani, nikiwa mwaka wa pili wa Kiswahili na Isimu kwenye chuo kimoja hapa Tanzania, na nikiambiwa nirudi kesho, leo usiku napanga begi. Nyota moja nimeizuia, na sababu yake haiko Ujerumani. Iko hapa hapa nyumbani, kwenye kuhamisha alama, na nitaieleza kwa kirefu maana kwenye semina za kutuaga hakuna aliyeigusa.

Pesa kwanza, najua ndiyo mnayoitafuta. Mwanafunzi anayetoka huku Erasmus+ humpa kati ya euro 800 na 900 kwa mwezi kutegemea nchi anayokwenda, pamoja na nauli inayokadiriwa kwa umbali wa safari. Ada ya kule hulipi. Ya nyumbani unaendelea nayo kama kawaida. Kwa mji wenye watu wasiofika laki moja kama Bayreuth, hela hiyo inatosha. Ila haikusubiri uwanja wa ndege. Unatakiwa uandikishe anwani yako manispaa, sheria inataka ndani ya wiki mbili tangu uhamie, kisha ufungue akaunti, ndipo fedha ziingie, na wakati huo huo mwenye chumba anataka dhamana yake. Beba akiba ya mwezi wa kwanza. Hapa bumu (hela ya mkopo wa wanafunzi) likichelewa unamkopa mshikaji wa chumba cha jirani. Kule mshikaji bado hujampata.

Ukishaandikisha anwani, tegemea barua. Wajerumani wanapenda barua za karatasi kupita kiasi. Mojawapo itakudai mchango wa redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi, hata kama chumbani huna hata kijiredio cha betri. Msiidharau, haipotei. Mchango huo hutozwa kwa makazi, si kwa kichwa, kwa hiyo mnaoishi nyumba moja mnagawana.

Baridi, mmeshaambiwa na kila mtu. Mimi kilichonisumbua zaidi ni giza: Desemba jua linazama saa kumi na kitu jioni. Na Jumapili maduka yanafungwa, kwa hiyo Jumamosi jioni ndiyo siku ya kuhakikisha una mchele. Unga wa ugali nilikuwa naufuata Nürnberg, kama saa moja kwa treni. Nyama na maziwa kutoka nyumbani usibebe, forodha ya Umoja wa Ulaya hairuhusu.

Sasa darasa, ambalo ndilo lililonipeleka. Kiswahili kinafundishwa Bayreuth kwa miaka mingi, na kila mwaka kuna kongamano lake pale. Nilidhani nitakuwa mwalimu wa bure wa wenzangu. Wapi! Kwenye semina yangu kulikuwa na binti Mjerumani aliyewahi kukaa Unguja, anazungumza Kiunguja kilichonyooka, na siku ya kwanza alinibana kuhusu viambishi vya urejeshi mpaka nikajikuta nachora sentensi ubaoni. Semina zenyewe ni watu kumi na kitu. Ratiba ikiandika "10 c.t.", kipindi kinaanza saa nne na robo, robo saa ya kutembea imo ndani. Hakuna test ya katikati ya muhula wala UE, mtihani wa mwisho wa muhula, ya kumalizia desa (notisi za kukariri). Unapewa mada, unaiwasilisha mbele ya wenzako, wanakuhoji, halafu unaandika insha ya kurasa kumi na tano. Nilipomaliza kuwasilisha darasa zima likagonga meza kwa vidole, ko-ko-ko, nikadhani nafukuzwa. Ndivyo wanavyopiga makofi. Mwalimu alinipinga hoja moja, nikampinga na mimi, akachukua kalamu akaandika nilichosema. Kwa mtu aliyezoea kukariri vimbwetani usiku wa kuamkia mtihani, hiyo peke yake ni nyota mbili.

Haya, nyota iliyobaki. Insha nilikabidhi Machi, maana Wajerumani wanaruhusu hivyo, walimu wakasahihisha taratibu, transkripti (karatasi ya matokeo) ikafika muhula wa pili ukiwa katikati. Nikaipeleka kwa afisa wa idara. Akaangalia safu ya alama, akaona 1.7. Akavua miwani, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna tatizo lolote nyumbani. Huku GPA, yaani wastani wa alama, inahesabiwa juu ya 5, na mwenye 1.7 anaanza kuaga wenzake, disko hiyo, yaani kuondolewa chuo. Ujerumani ngazi inakwenda kinyume: 1.0 ndiyo ya juu kabisa na 4.0 ndiyo ya chini ya kufaulu.

Tulipomaliza hilo likaja la krediti. Kozi yangu ina krediti 5 za Ulaya, ya kwetu inayofanana nayo ina 12, basi akahukumu kwamba nimesoma nusu kozi. Krediti moja ya Ulaya ni saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi. Ya kwetu ni saa 10. Tano zao ni saa 125 na kuendelea, 12 zetu ni saa 120. Nimefanya kazi zaidi, naambiwa nimefanya nusu.

Kilichoniokoa ni hesabu ya kubadilisha alama za nchi moja kuwa za nyingine, inayoitwa kanuni ya Bavaria. Ukichukua 5 kuwa alama yetu ya juu na 2 kuwa ya mwisho ya kufaulu, inarahisika hivi: toa alama ya Mjerumani kwenye 6. Yangu ya 1.7 ikawa 4.3. Idara ikakubali kozi mbili. Ya tatu haikuwa kwenye makubaliano ya masomo yaliyosainiwa kabla sijaondoka, kwa sababu kule ilibadilishwa ratiba nikahamia nyingine na mratibu wetu hakujibu barua pepe ya kuomba sahihi mpya. Hiyo nairudia mwaka huu na walionifuata nyuma.

Kwa hiyo anayeomba, kabla ya viza na kabla ya koti, ipeleke idarani karatasi inayosema krediti ngapi za kule ni ngapi za huku, na alama zitabadilishwa kwa kanuni gani, isainiwe na mkuu wa idara mwenyewe. Weka na kozi mbili za akiba. Na nenda mwaka wa pili. Ukienda muhula wa kiangazi wa mwaka wa tatu, mihadhara inaisha Julai, insha unaweza kuwa unaikabidhi Septemba, mwalimu anasahihisha kwa nafasi yake, na majina ya wahitimu huku yanapitishwa bila lako.